Kufuga Konokono Pamoja: Nafasi, Chokaa na Hesabu ya Mayai

Mwaka 1871, katika kitabu chake kuhusu asili ya binadamu, Charles Darwin alisimulia kisa alichopewa na bwana mmoja aitwaye Lonsdale. Bwana huyo aliwaweka konokono wawili katika bustani ndogo iliyokuwa na chakula haba. Mmoja alikuwa mzima, mwenzake dhaifu. Haukupita muda, yule mzima akatoweka, na alama za ute wake zikaonyesha kwamba amepanda ukuta na kuingia bustani ya jirani iliyojaa majani. Lonsdale akaamini kwamba mgonjwa ametelekezwa. Lakini baada ya saa 24 yule mzima alirudi, kisha wote wawili wakashika njia ile ile, wakapanda ukuta na kwenda zao. Darwin aliona hapo dalili kwamba hata konokono anaweza kuwa na mapenzi ya kudumu kwa mwenzake.

Wanasayansi wa leo hukisoma kisa hicho kwa tahadhari zaidi. Konokono hunusa vizuri kuliko anavyoona, na ute wa aliyetangulia humwonyesha anayefuata njia ya kupita. Hata hivyo, nyuma ya kisa cha Lonsdale kuna swali ambalo kila mfugaji wa konokono hulifikia mapema: je, mnyama huyu anahitaji mwenzake, na kama anamhitaji, wakae vipi ili wote wawe wazima?

Swali hilo linawahusu watu wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Konokono mkubwa ambaye watoto wa Uingereza humfuga kwenye vyumba vyao, Lissachatina fulica kwa jina la kisayansi, asili yake ni ukanda wa pwani ya Kenya na Tanzania. Ndiye yule anayetoka mvua za masika zikianza, akipanda migomba na mipapai, gamba lake la kahawia likiwa na michirizi myeusi. Gamba hilo linaweza kufikia urefu wa sentimita 20, ingawa wengi huishia nusu ya hapo. Akitunzwa vizuri huishi miaka mitano au sita, na wapo wanaopita hapo. Anayemleta nyumbani anachukua dhamana ya miaka, na akileta wawili, dhamana hiyo hukua haraka kuliko anavyotarajia.

Upweke na ujirani

Konokono hajengi undugu kama nyani au mbwa. Hana kundi lenye kiongozi, halei watoto wake, na hakuna ushahidi kwamba humtambua mwenzake mmoja mmoja. Lakini si kweli kwamba kuwapo kwa wenzake hakumaanishi chochote kwake. Mwaka 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, wakiongozwa na Ronald Chase, walichapisha kazi kuhusu tabia ya konokono wa aina hii hii kujikusanya pamoja, na harufu ilikuwa sehemu muhimu ya maelezo yao. Miaka mitatu kabla yake Chase na mwenzake Roger Croll walikuwa wameonyesha kwamba konokono huyu anaweza kukumbuka harufu ya chakula kwa muda mrefu.

Mfugaji yeyote mwenye konokono zaidi ya mmoja ameyaona hayo kwa macho yake. Mchana hulala kona moja, mara nyingi gamba likigusana na gamba, hata kama chombo kina nafasi tele. Usiku wakiamka hupapasana kwa zile pembe mbili fupi za mbele ya kichwa, ambazo kazi yake ni kunusa na kugusa. Wengine hulala juu ya gamba la mwenzao. Sababu mojawapo ni maji: mwili wa konokono hupoteza unyevu kila saa, na wakisongamana mahali pa giza na pa majimaji hupoteza kidogo zaidi.

Kwa hiyo jibu lenye manufaa kwa mfugaji ni hili: konokono mmoja anaweza kuishi peke yake akiwa mzima na mwenye nguvu, na hakuna haja ya kumhurumia. Wakiwa wawili au watatu huonyesha tabia nyingi zaidi za asili yao, na hilo lina faida kwao na kwa anayewatazama. Wakiwa wengi mno, huumia. Uamuzi mkubwa wa mfugaji ni idadi.

Kwa anayeanza, wawili wanatosha. Watatu wanawezekana kama chombo ni kikubwa. Konokono waliosongamana hudumaa hata wakipewa chakula cha kutosha. Utafiti uliofanywa kwa konokono wa bustani wa Ulaya ulionyesha kwamba ute mwingi uliorundikana katika eneo dogo huwapunguzia ukuaji. Chombo kinachonuka na chenye kuta zilizotapakaa ute mzito ni dalili ya kwanza kwamba wakazi wamezidi.

Kuchagua wa kukaa pamoja

Kanuni ya kwanza ni aina moja. Konokono mkubwa wa pwani yetu asiwekwe pamoja na wale wa Afrika Magharibi, ambao baadhi yao ni wakubwa zaidi na wanahitaji joto na unyevu tofauti, wala asichanganywe na konokono wadogo wa Ulaya wanaopenda baridi. Kila aina ina vimelea vyake iliyovizoea, na vikihamia kwa aina nyingine vinaweza kuua.

Kanuni ya pili ni ukubwa unaokaribiana. Mtoto wa sentimita mbili akiwekwa na mkubwa wa sentimita kumi hukanyagwa, husukumwa kwenye chakula, na gamba lake ambalo bado ni laini ukingoni huvunjika. Kuna tatizo jingine lisiloonekana mara moja. Konokono mdogo anayepandwa mapema huanza kutumia madini yake kutengeneza mayai kabla hajamaliza kujenga gamba, na baada ya hapo ukuaji wake hupungua sana. Wafugaji wenye uzoefu huwaweka wadogo chombo chao hadi walingane na wenzao.

Habari ya Jeremy inaonyesha jinsi maumbile yanavyoweza kumnyima konokono mwenza. Jeremy alikuwa konokono wa bustani aliyeokotwa kwenye lundo la mboji jijini London mwaka 2016, akapelekwa kwa Angus Davison wa Chuo Kikuu cha Nottingham. Gamba lake lilijizungusha kuelekea kushoto badala ya kulia kama la wenzake karibu wote, na viungo vyake vya uzazi vilikuwa upande wa pili, hivyo hakuweza kupandana na konokono wa kawaida. Tangazo likatolewa kwa umma kumtafutia wa kufanana naye. Wakapatikana wawili, mmoja Ipswich, Uingereza, na mwingine kisiwa cha Majorca, Uhispania. Wageni hao wakapandana wao kwa wao kwanza, na Jeremy akabaki pembeni. Baadaye mmoja wao alimkubali, na watoto wakapatikana muda mfupi kabla Jeremy hajafa Oktoba 2017. Wote waliozaliwa walikuwa na gamba la kuelekea kulia.

Mgeni yeyote, hata akitoka kwa mfugaji anayeaminika, akae peke yake wiki nne kabla ya kuunganishwa na wengine. Katika muda huo mfugaji huangalia kama anakula, kama kinyesi chake ni kizuri, kama kuna utitiri mweupe unaokimbia juu ya ngozi yake na kuingia kwenye tundu lake la kupumulia. Akiwa safi, aingizwe jioni, baada ya chombo kusafishwa na kunyunyiziwa maji, ili wote waanze mahali penye harufu kidogo ya ute.

Inafaa pia kutaja hofu moja ya kwetu. Konokono wanaoeneza kichocho ni wa maji baridi, wale wa mabwawani na mitoni. Konokono wa nchi kavu haenezi kichocho. Hatari yake ni nyingine, na itaelezwa hapa chini.

Nyumba ya wawili

Kwa konokono wakubwa wawili, chombo cha plastiki au kioo chenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30 ni mwanzo mzuri. Kifuniko kiwe imara na kifungwe, kwa kuwa konokono ana nguvu za kusukuma kilicholegea, na matundu ya hewa yawe madogo na mengi. Chombo kirefu sana kwenda juu si kizuri. Konokono hupanda hadi kwenye kifuniko kisha huanguka, na akiangukia jiwe, kigae au bakuli la udongo gamba hupasuka. Ndani viwekwe vitu laini: gome la mti, kipande cha mti uliolowekwa na kuoshwa, majani makavu.

Chini patandazwe udongo wa sentimita 10 hivi. Wafugaji wengi wa Ulaya hununua usumba wa nazi uliosagwa na kushindiliwa kama matofali. Anayeishi Tanga, Lamu au Zanzibar ana makumbi mlangoni kwake, mradi yasiwe yale yaliyolowekwa kwenye maji ya bahari kwa ajili ya kusokota kamba. Mchanga wa ufukweni usitumike kabisa, maana chumvi humnyonya konokono maji mwilini na kumuua kwa maumivu. Udongo wa shambani unafaa pale tu mfugaji anapojua kwamba eneo hilo halijapigwa dawa ya wadudu wala kuwekwa mbolea za viwandani. Dawa zenye shaba ni sumu kali kwa jamii yote ya konokono, hata kwa kiasi kidogo.

Unyevu uwe mwingi bila kuwa tope. Udongo ukishikwa mkononi ugandamane, usichuruzike maji. Chombo kinyunyiziwe maji jioni, mara moja kwa siku au zaidi wakati wa kiangazi, na maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi usiku kucha kabla ya kutumika. Joto linalowafaa ni kati ya nyuzi 21 na 27 za Selsiasi. Dar es Salaam na Mombasa hali hiyo hupatikana bila msaada, na kazi ya mfugaji ni kukikinga chombo na jua la moja kwa moja. Nairobi, Arusha na Iringa, usiku wa Juni na Julai, joto hushuka mno, kwa hiyo chombo kihamishiwe chumba chenye joto. Ulaya wafugaji hutumia mkeka wa umeme wa kupasha joto. Mkeka huo ufungwe ubavuni mwa chombo, kamwe usiwekwe chini yake: konokono akisikia joto hujichimbia ardhini kutafuta ubaridi, na akikuta moto huko chini hana pa kukimbilia.

Chakula, na gamba la mwenzake

Sahani moja ya chakula kwa konokono wawili haitoshi. Ziwe mbili, pande mbili za chombo. Asiye na nguvu apate pa kula bila kupanda juu ya mwenzake.

Menyu yenyewe si ngumu. Tango, boga, mamung'unya, karoti iliyokwaruzwa, viazi vitamu na matembele, papai pamoja na majani yake, ndizi mbivu kidogo, kabichi na saladi. Mchicha na spinachi zitolewe mara chache, kwa sababu zina asidi inayoshika madini ya chokaa na kuyazuia yasifyonzwe mwilini. Kila kitu kioshwe vizuri kwa maji safi, hasa mboga za sokoni zilizopigwa dawa. Mabaki yaondolewe kila asubuhi kabla hayajaota ukungu na kuvuta inzi. Mara moja kwa wiki wanahitaji protini kidogo. Chakula cha samaki wa mapambo kinafaa. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi hawafai hata kidogo.

Lakini chakula kinachoamua amani ya chombo ni chokaa.

Gamba la konokono limejengwa kwa kalsiamu kabonati, madini yale yale ya chokaa na maganda ya mayai. Anapokua hujenga ukingo mpya kila wiki, na anapotaga huhitaji madini hayo kwa mamia ya maganda ya mayai yake. Njaa yake ya chokaa ni kubwa kiasi kwamba katika miji ya Florida konokono hawa wamekutwa wakila plasta kwenye kuta za nyumba. Wakifungiwa ndani ya chombo kisicho na chokaa, ukuta ulio karibu zaidi ni gamba la jirani. Konokono hupanda juu ya mwenzake na kumkwaruza kwa ulimi wake wenye maelfu ya meno madogo, usiku baada ya usiku, hadi gamba linabaki na madoa meupe yaliyochimbika. Aliyekwaruzwa hawezi kuondoka haraka, wala hana namna ya kujikinga.

Mfugaji anayekuta madoa hayo huwaza kwamba konokono wake wanapigana. Ukweli ni kwamba wana njaa ya madini. Dawa ni kipande cha mfupa wa dome kuwapo ndani ya chombo siku zote, bila kukosekana. Mifupa hiyo myeupe na myepesi huokotwa ufukweni kuanzia Lamu hadi Mtwara, ila ni lazima ilowekwe kwenye maji yasiyo na chumvi kwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa kila siku, kisha ikaushwe juani. Ulaya huuzwa kwenye maduka ya ndege wa kufugwa. Anayekosa mfupa wa dome achemshe maganda ya mayai ya kuku, ayakaushe na kuyasaga yawe unga laini, kisha anyunyizie juu ya chakula. Kama kuna mmoja anayeendelea kukwaruza wenzake hata chokaa ikiwepo, atengwe kwa muda, na idadi ya wakazi iangaliwe upya.

Mayai

Hapa ndipo wafugaji wengi hushindwa, na ndipo uwajibikaji unapopimwa.

Konokono huyu ni huntha: kila mmoja ana viungo vya uzazi vya kiume na vya kike. Hakuna kuchagua madume wawili au majike wawili ili kuepuka watoto. Konokono wowote wawili waliokomaa, na hukomaa wakiwa na umri wa karibu miezi sita, watapandana. Kupandana huchukua saa kadhaa, na wasitenganishwe kwa mkono wakati huo maana viungo vyao huweza kuchanika. Baadaye mbegu hutunzwa mwilini kwa miezi mingi. Konokono aliyenunuliwa akiwa mkubwa anaweza kukaa peke yake muda mrefu kisha akataga mayai yenye uhai, na mwenyewe akashangaa yametoka wapi.

Utagaji mmoja huwa na mayai 100 hadi 400. Ni madogo, ya rangi ya maziwa au manjano hafifu, yenye upana wa milimita tano hivi, na hufukiwa ardhini, mara nyingi kwenye kona ya chombo. Konokono mmoja hutaga mara kadhaa kwa mwaka. Mayai huanguliwa ndani ya takriban wiki mbili, wakati mwingine mapema zaidi. Wawili wanaotunzwa vizuri wanaweza kumletea mfugaji zaidi ya watoto elfu moja kwa mwaka, na hakuna marafiki wala majirani wa kutosha kuwapokea.

Kwa hiyo mara mbili kwa wiki, bila kuruka, udongo upekuliwe kwa vidole hadi chini kabisa. Mayai yakipatikana yawekwe kwenye mfuko na kugandishwa kwenye friza kwa saa 48, au yapondwe siku ile ile. Yakiwa mapya kiinitete hakijaanza kukua, ndiyo maana kuchelewa ni kosa dhidi ya wanyama wenyewe. Mayai yaliyogandishwa na kupondwa huweza kurudishwa kama chakula chenye chokaa. Udongo wa zamani unapobadilishwa nao ugandishwe kabla ya kutupwa; lundo la mboji ni kiota kizuri mno kwa mayai yaliyosahaulika.

Yaliyotokea Miami yanaeleza kwa nini. Mwaka 1966 mvulana mmoja alirudi kutoka Hawaii akiwa na konokono watatu. Bibi yake akawaachia bustanini. Miaka saba baadaye zaidi ya konokono 18,000 walikuwa wamepatikana, na kazi ya kuwamaliza ilikwisha mwaka 1975 baada ya kugharimu zaidi ya dola milioni moja. Mwaka 2011 konokono wale wale wakagunduliwa tena katika eneo la Miami. Serikali ya jimbo la Florida ikatangaza ushindi mwaka 2021, na mwaka uliofuata wakaonekana kaunti nyingine, Pasco. Konokono huyu hula zaidi ya aina 500 za mimea, na nje ya kwao hana maadui wa kutosha.

Visiwani Pasifiki madhara yalikuwa makubwa zaidi, na yalitokana na dawa iliyotumika. Ili kuwapunguza konokono wetu waliokuwa wameletwa huko, maofisa waliingiza konokono mwingine mla nyama kutoka Florida, Hawaii mwaka 1955 na kisiwa cha Moorea mwaka 1977. Mgeni huyo akawaacha walengwa na kuwageukia konokono wadogo wa asili wa jamii ya partula. Katika takriban miaka kumi partula wa Moorea walikuwa wametoweka porini, na waliosalia waliishi kwenye vyombo ndani ya hifadhi za wanyama, pamoja na ile ya London. Kazi ya kuwarudisha visiwani ilianza mwaka 2015.

Ndiyo maana Marekani imepiga marufuku kabisa kumfuga, kumuuza au kumwingiza nchini bila kibali cha serikali, hata akiwa mmoja. Uingereza inaruhusu kumfuga, lakini si kumwachia nje. Kenya, anayetaka kufuga kwa biashara hupaswa kupata kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Sheria hizi hubadilika, na ni wajibu wa mfugaji kuuliza ofisi husika kabla ya kununua.

Afya ya konokono na ya mwenye nyumba

Konokono wa porini anaweza kubeba mnyoo wa mapafu ya panya. Panya huutoa kwenye kinyesi, konokono hukila, na binadamu huambukizwa akila konokono mbichi au asiyeiva, au mboga mbichi ambayo konokono mwenye vimelea amebaki ndani yake. Mnyoo huo ukifika kwenye ubongo huleta aina ya homa ya uti wa mgongo. Kwa sababu hiyo konokono wa kufugwa atoke kwa mfugaji aliyewaangua ndani, asiokotwe kwenye jalala au nyuma ya ghala lenye panya. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, vyombo vyake visisafishwe kwenye sinki la jikoni, na watoto wadogo wawe na mtu mzima karibu wanapomshika, maana vidole vyao havikawii kwenda mdomoni.

Kumshika kwenyewe kuna namna yake. Mikono iloweshwe kwanza, bila mafuta wala losheni. Konokono aliyeganda kwenye kioo asing'olewe kwa kuvutwa gamba. Misuli inayolishikilia inaweza kuchanika ndani. Amwagiwe matone ya maji ya vuguvugu, kisha kidole kiingizwe taratibu chini ya kichwa hadi ajiachie mwenyewe.

Siku nyingine konokono mmoja kati ya wawili hujifungia. Huingia ndani kabisa ya gamba na kuziba mlango kwa utando mkavu wa rangi ya chaki. Porini ndivyo anavyovuka kiangazi. Nyumbani hiyo ni taarifa kwamba chombo kimekauka, kimepoa, au mwenzake anamsumbua. Asitupwe kwa kudhaniwa amekufa. Machi 1846 gamba la konokono wa jangwani kutoka Misri lilibandikwa kwenye kadi katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, likihesabiwa kuwa tupu. Machi 1850 mtu akaona dalili za ute kwenye kadi. Gamba likawekwa kwenye maji ya vuguvugu, na konokono akatoka akiwa hai, akala kabichi na kuishi takriban miaka miwili zaidi. Konokono aliyekufa kweli hutambulika kwa harufu kali ya kuoza na mwili unaoning'inia bila kujikunyata ukiguswa. Yule aliyejifungia aoshwe kwa maji ya vuguvugu, atengwe siku chache penye unyevu na chokaa, na chombo cha zamani kirekebishwe kabla hajarudishwa.

Mmoja akifa kweli, atolewe saa hiyo hiyo, udongo wote ubadilishwe na chombo kioshwe kwa maji ya moto bila sabuni. Aliyebaki aangaliwe kwa wiki kadhaa. Akiendelea kula na kutembea usiku, hakuna haraka ya kumtafutia mwingine, na mwingine akipatikana apitie zile wiki nne za kukaa peke yake.

Familia inayohama ifanye uamuzi mapema. Anayetoka Uingereza kwenda Marekani hawezi kuwachukua kabisa, na anayehama kutoka nchi moja hadi nyingine ya Afrika Mashariki aulize kwanza idara ya mifugo au ya wanyamapori. Kuwaachia bustanini si njia, hata pwani kwenye asili yao, kwa kuwa waliofugwa wanaweza kupeleka vimelea vya chombo kwa wale wa porini. Atafutwe mfugaji mwingine kabla mizigo haijafungwa. Akabidhiwe konokono wote kwa pamoja, na chombo chao, mfupa wa dome uliobaki, orodha ya vyakula walivyozoea na tarehe ya mwisho ambayo udongo ulipekuliwa kutafuta mayai.